Miezi Sita Kabla ya Sindano: Kupanga na Kubuni Tatuu Yenye Maana Kwako

Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto pameandikwa "Subira yavuta heri", na maneno hayo nilichorwa kwa haraka. Nilikuwa na miaka 22, nimekwenda Dar es Salaam kwa shughuli ya siku moja, nikapita mbele ya chumba cha mchoraji wa tatuu, nikaingia, na baada ya dakika 40 nikatoka na methali yangu. Niliomba herufi ndogo ndogo zilizobanana, nikidhani kwamba udogo ndio ustaarabu, naye mchoraji hakunionya. Leo, baada ya miaka 11, matundu ya herufi "a" yameziba kwa wino, "heri" imekuwa kama mdudu aliyepondwa, na asiyeambiwa husoma "Subira", kisha hukwama. Akina mama wa hapa Bagamoyo ninaowapamba hina kwenye harusi za watoto wao huushika mkono huo, wakaugeuza kwenye mwanga, wakatabasamu bila kusema neno.

Tangu hapo watu wamekuwa wakinijia na mawazo ya michoro ya kudumu, wakitaka niwachoree kwenye karatasi kabla hawajaenda kwa mwenye mashine. Mimi mashine sina na siitaki, ila karatasi, hina na muda ninavyo. Wote huwaambia jambo moja, nalo ndilo mwongozo huu utakalolifuata hatua kwa hatua: baina ya siku ulipopata wazo na siku utakapolala mbele ya sindano, iwepo miezi sita, na miezi hiyo iwe na kazi.

Sindano ya kwanza haina wino

Anzia kituo cha afya. Homa ya ini aina ya B na ya C, pamoja na virusi vya UKIMWI, huweza kusafiri kwa sindano iliyokwisha kutumika kwa mtu mwingine, na kati ya maradhi hayo matatu ni homa ya ini B peke yake yenye chanjo. Utapimwa damu kwanza, na ukionekana huna maambukizi utaanza sindano tatu: ya kwanza siku hiyo, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Ratiba hiyo nimeigeuza kuwa saa ya kupangia mchoro. Siku ya sindano ya kwanza unaanza kutafuta maana, siku ya sindano ya pili unaanza kuchora kwenye karatasi, na ya tatu ikipita ndipo unapozungumza na mchoraji juu ya tarehe. Aliyechanjwa utotoni, kwa kuwa chanjo hii imo katika chanjo za watoto nchini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, aulize kama anahitaji kurudia, lakini miezi sita asiiruke kwa kisingizio hicho.

Ukiwa hapo hapo kituoni, mweleze mhudumu hali yako bila kuficha. Mwenye kisukari, mwenye selimundu, anayetumia dawa za kuzuia damu isigande na mama mjamzito hawapaswi kuamua jambo hili peke yao. Aliye chini ya miaka 18, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 bado ni mtoto, asubiri.

Kisha vua shati ujitazame. Ngozi yetu sisi watu weusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kuota keloidi, yaani kovu linalovimba na kutambaa hata nje ya jeraha lililolizaa. Angalia kovu la chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wako wa juu, angalia masikio ulikotoga, angalia mahali ulipowahi kushonwa. Kovu lililotulia, bapa au lenye kibonyeo, ni habari njema, ingawa si dhamana. Likiwa limeinuka, linang'aa na linawasha, ngozi yako imekwisha kukujibu, na mimi nikiwa mahali pako ningebaki na hina. Hata mwenye ngozi tulivu namshauri aepuke kifua katikati, mabega na mgongo wa juu, kwa sababu huko keloidi hupenda kuota.

Dini na mkate

Katika mji kama huu wetu, wenye adhana kila pembe na kanisa la wamisionari waliofika mwaka 1868, mtu hawezi kujifanya kwamba ngozi yake ni mali yake peke yake. Wanazuoni wengi wa Kiislamu wanaiharamisha tatuu ya kudumu kwa kutegemea hadithi za Mtume zilizopokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim, ilhali hina, ambayo hufutika, hawaikatazi. Kwa upande wa Wakristo, Walawi 19:28 inataja marufuku ya kujiandika alama mwilini, na madhehebu yanatofautiana kama agizo hilo linawabana waumini wa leo. Sikusudii kumtolea mtu fatwa. Ninachosema ni kwamba swali hilo liulizwe mwanzoni, kwa sheikh au padre wako mwenyewe, kwa kuwa nimewaona watu wakiuliza baada ya kuchorwa, na jibu la wakati huo huwa halina la kufanya ila kuumiza.

Swali la mkate ni fupi. Matangazo ya kuandikisha vijana katika Jeshi la Polisi na Uhamiaji yamekuwa yakitaja sharti la kutokuwa na michoro ya tatuu mwilini, na wanaokagua humvua mtu nguo, kwa hiyo kuificha chini ya mkono wa shati hakusaidii. Ukiwa na ndoto ya gwanda, acha kabisa. Kwa kazi nyingine, mahali panapofunikwa na kanzu, shati la mikono mirefu au dera pataondoa maneno mengi. Ukiwa mchangiaji wa damu, changia kabla, kwa sababu aliyechorwa karibuni huombwa asubiri.

Kutafuta maana, ambako ndiko kazi iliko

Watu wengi hunijia wakiwa na picha kwenye simu. Huwaomba wazime simu na wanieleze walichokuwa wakikifikiria kabla ya kuiona picha hiyo. Hapo ndipo mazungumzo huanza, na mara nyingi huchukua vikao vitatu au vinne, kwa maana mtu husema "nataka simba" wakati anachotaka hasa ni kumkumbuka kaka yake aliyekuwa akimtetea shuleni.

Huwapa zoezi moja. Nunua daftari la kurasa 48, na kila siku ya Ijumaa, au Jumapili ukipenda, andika sentensi moja kuhusu kile unachotaka kukibeba: mtu, mahali, nadhiri, msiba, kazi. Usichore chochote kwa mwezi mzima. Mwezi ukiisha, soma sentensi zote nne kwa mpigo. Zikiwa zinazungumza juu ya jambo moja, umelipata. Zikiwa zinaruka kutoka kwa mama hadi kwenye timu ya mpira hadi kwa msichana wa juzi, daftari lina kurasa nyingi, endelea kuandika.

Hatua inayofuata huwa haipendwi, nayo ni kumwonyesha wazo hilo mzee anayekujua. Kijana mmoja wa Dunda, mtoto wa mvuvi, alinijia akitaka nanga kwenye mkono, kwa sababu alikuwa ameona nanga nyingi kwenye picha za mabaharia wa Ulaya na akazipenda. Nilimwambia akamuulize baba yake kwanza. Alirudi siku ya pili akicheka. Mzee alikuwa ameketi akishona wavu, akamsikiliza hadi mwisho, halafu akamuuliza, "Mwanangu, nanga hushushwa lini?" Kijana akajibu, "Chombo kikitaka kusimama, baba." Mzee akauliza tena, "Na wewe unataka kusimama?" Wakakaa pale mpaka alasiri wakizungumza juu ya vifaa vya chombo, na kijana akaja na foromali, ule mti ulalao juu ya mlingoti unaobeba tanga, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa akiishika utotoni baba yake alipokuwa akipandisha. Nanga alikuwa ameiona pichani tu, lakini kamba ya foromali iliwahi kumchuna viganja.

Alama huja na wasomaji wake, na mji wetu unalionyesha hilo wazi. Kwenye milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo utaona mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu. Wako wanaoeleza kwamba mnyororo huo ulikuwa alama ya nyumba ya mwenye watumwa, na wako wanaosema ni ulinzi wa nyumba tu, kufuli ya nakshi dhidi ya shari. Mimi sitaamua baina yao, ila mtu anayetaka mnyororo huo kwenye mkono wake, katika mji ulioona misafara ya pembe na ya watumwa ikimalizikia ufukweni, ajue kwamba ataulizwa, na jibu awe nalo. Vivyo hivyo kwa chale. Kwa Wamakonde, michoro iliyochanjwa usoni na mwilini ilimtambulisha mtu kwa watu wake, na haikuwa pambo la kujichagulia. Anayeinakili kwa sababu imempendeza kwenye kinyago, huku hana babu wala bibi wa huko, anavaa utambulisho wa watu wengine.

Jina la mpenzi silichori, hata kwenye karatasi. Jina la mama, la marehemu, la mtoto, hayo nayachora kwa moyo mweupe.

Kutoka wazo hadi mstari

Kanuni yangu ya kubuni nimeitoa kwenye kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani maneno. Kwenye kitambaa vitu hivyo vitatu hukaa pamoja kwa raha kwa sababu nafasi ipo ya kutosha. Mkono wa mtu hauna nafasi hiyo. Kwa hiyo muulize aliyekujia, au jiulize mwenyewe: mchoro wako ni pindo, ni mji, au ni jina? Chagua kimoja. Ukitaka viwili, kimoja kimtumikie mwenzake. Atakaye vyote vitatu kwenye nafasi ya sentimita 8 atapata doa.

Mjukuu wa seremala wa nakshi alitaka mlango mzima wa babu yake kifuani, pamoja na jina na mwaka wa kufariki. Tulikwenda naye kwenye nyumba yenye mlango huo, tukapiga hodi, mwenye nyumba akaturuhusu, tukabandika karatasi nyembamba juu ya nakshi na kusugua kwa penseli laini iliyolazwa ubavu. Nakshi zilijitokeza moja moja kwenye karatasi kama zinazopanda kutoka chini ya maji, na pale mchongo ulipokuwa umelika kwa chumvi na jua, karatasi ilibaki nyeupe. Tulipozitandaza karatasi sakafuni, macho yake yalikwenda kwenye mfaa, ule ubao mwembamba unaosimama katikati pale mbao mbili zinapokutana. Mfaa ni mrefu na mwembamba, na kigasha cha mkono nacho ni kirefu na chembamba. Jina likaachwa, mwaka ukaachwa, mlango ukaachwa, na sehemu zilizolika tukaziacha wazi kama zilivyokuwa, kwa kuwa huo ndio mlango aliouona akikua. Nakuomba ufanye hivyo kwa chochote unachokichora: kitafute chenyewe, kiguse, kisugue kwenye karatasi au kipige picha mwenyewe, badala ya kunakili mchoro ulionakiliwa na mwingine.

Sasa wino. Sindano huuweka kwenye ngozi ya ndani, kina cha milimita 1 hadi 2, ambako seli za kinga huzimeza chembe zake na kubaki nazo. Tabaka la juu la ngozi hujivua na kuzaliwa upya, lakini wino uko chini yake, na melanini inayotupa weusi wetu imo katika tabaka hilo la juu. Maana yake ni kwamba mchoro wako utatazamwa kupitia pazia la rangi ya ngozi yako. Njano, waridi na buluu ya maji, ambazo kwenye picha za intaneti zinawaka juu ya ngozi ya Mzungu, kwako zitafifia au zitageuka kahawia. Wino mweusi ndio rafiki, na kinachouremba ni ngozi iliyoachwa wazi katikati yake, kama vile weupe wa ukuta unavyoupendezesha mlango. Wekundu mzito huweza kuonekana, ila wino mwekundu ndio unaolaumiwa zaidi kwa mzio.

Chembe za wino husogea kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, na kila mstari hunenepa. Ndivyo "heri" yangu ilivyopata msiba. Herufi za kawaida zisipungue urefu wa sentimita 1, matundu ya "a", "e" na "o" yawe mapana kupita unavyodhani yanahitajika, na nafasi baina ya mistari miwili iweze kupitisha unene wa mstari wa tatu. Bandika karatasi ukutani, rudi nyuma hatua tano, fumba jicho moja. Usichokiona kutoka hapo kitafute njia ya kutoka kwenye mchoro.

Maneno yanataka uangalifu wa peke yake. Amua kama ni "yavuta" au "huvuta" kabla ya siku ya kuchorwa, na umpe mtu asiyejua ulichokusudia asome kwa sauti. Wanaotaka herufi za Kiarabu, ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo karne nyingi, wana hatari ya ziada: baadhi ya programu za kompyuta huzitenganisha herufi zinazopaswa kushikana na kuzipanga kutoka kushoto kwenda kulia, na mchoraji asiyezijua atazinakili hivyo hivyo. Nimeliona jina la bibi wa watu limesambaa kwenye bega kama shanga zilizokatika uzi. Mpelekee mwalimu wa madrasa aliandike kwa kalamu, ukimweleza kwa ukweli litakwenda wapi, na akikataa mheshimu. Aya ya Qurani usiiweke mwilini kabisa. Hata mtu mwepesi wa mambo haya atakuuliza unaingiaje nayo msalani.

Hina kabla ya wino

Mchoro ukiwa tayari kwenye karatasi, uvae. Hina ya majani, iliyokorogwa kwa maji na ndimu na kuachwa usiku kucha, hukaa kwenye tabaka la juu la ngozi na kufifia kati ya wiki moja na tatu. Mwombe mpambaji akuchoree mchoro wako mahali ulipopachagua, kwa ukubwa kamili, kisha uishi nao: uoge nao, uende nao sokoni, kazini na msibani. Hina ikififia, usiirudie kwa wiki mbili, halafu ujiulize kama mkono unaonekana mtupu. Fanya hivyo mara tatu, kila mara ukihamisha kidogo mahali au ukubwa. Wanaume wanaoona haya kupaka hina, kwa kuwa kwetu ni pambo la kike isipokuwa kwa bwana harusi, watumie kalamu ya wino na kuirudia kila asubuhi. Usumbufu huo nao ni kipimo, maana atakayechoka siku ya nne ana jibu lake.

Nasisitiza hina, wala si piko. Piko nyeusi inayouzwa mitaani mara nyingi huwa imechanganywa na dawa ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo huweza kutoa malengelenge na kuacha kovu lenye umbo la mchoro uleule, na ngozi iliyokwisha kuikataa huikataa tena maisha yote. Nimempamba bibi harusi mmoja tu kwa piko ya aina hiyo, miaka mingi iliyopita, na alikwenda fungate akiwa amefunga bendeji. Kosa lilikuwa langu, kwani sikuuliza pakiti ilikuwa na nini.

Katika majaribio hayo utagundua mambo ambayo karatasi haisemi. Mchoro wa kifundo cha mkono hujikunja mkono ukikunjwa, wa mbavu hupumua, wa tumbo hubadilika kwa mimba na kwa unene, na wa vidole, viganja na nyayo hufutika mapema kwa kuwa ngozi ya huko hufanya kazi na kujivua haraka. Kigasha, mkono wa juu kwa nje na shavu la mguu ni mahali patulivu. Chochote chenye kichwa na miguu kisimame wima kwa anayekutazama ukiwa umening'iniza mkono, ingawa wewe utakiona kimepinduka.

Kumpata mwenye mashine

Usiombe picha za michoro mipya, kwa maana siku ya kwanza kila tatuu hupendeza. Omba picha za michoro iliyotimiza mwaka au zaidi, juu ya ngozi nyeusi kama yako, na utazame kama mistari bado imesimama. Wako wachoraji wanaodhani kwamba ngozi nyeusi inataka sindano ikandamizwe ili wino uonekane, nao ndio wanaozalisha makovu na mistari iliyomwagika pembeni. Muulize jinsi anavyochora ngozi nyeusi kisha unyamaze, umwache aeleze.

Nenda siku moja kabla ukatazame tu. Sindano itoke kwenye pakiti iliyofungwa, ifunguliwe mbele yako, na tarehe yake isiwe imepita. Wino umiminwe kwenye kikombe kidogo cha kutumika mara moja, na usizimuliwe kwa maji ya bomba, kwa sababu maji hayo yana vijidudu vinavyoweza kuishi ndani ya ngozi. Vifaa vya chuma vitakaswe kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 15. Kuvichemsha kwenye sufuria au kuvifuta kwa spiriti hakulingani na hilo. Wembe uwe mpya, glovu ziwe mpya na zibadilishwe akishika simu, na sindano zilizotumika ziingie kwenye kisanduku kigumu cha takataka za ncha kali kama kile cha njano cha hospitalini. Akikasirishwa na maswali yako, shukuru na uondoke. Anayechora chini ya mwavuli ufukweni usimuulize hata swali moja.

Na usimuombe mchoro wa bei ya kutupa. Kufuta kwa leza kunahitaji vikao vingi na fedha nyingi, na kwenye ngozi nyeusi kunaweza kuacha mabaka meupe.

Siku yenyewe na wiki zinazofuata

Kula vizuri, usinywe pombe, usimeze aspirini bila ushauri wa daktari. Mchoraji akikubandikia stensili, yaani nakala ya mchoro anayoifuata kwa sindano, simama mbele ya kioo mikono ikiwa imeshuka, kisha usome maneno herufi kwa herufi kwa sauti, hata kama unaona aibu. Ikiwa imekaa upande, afute aanze tena. Stensili hufutika kwa spiriti, na hiyo ni nafasi yako ya mwisho ya kubadili neno.

Uponyaji wa pwani una mitihani yake. Osha mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa kitambaa safi, paka mafuta ya mgando kiasi cha kung'arisha tu, kwa kuwa mafuta mengi na joto letu hulowesha jeraha na kulichelewesha. Vaa nguo pana ya pamba. Magamba yatakapoanza kubanduka na kuwasha, pigapiga kwa kiganja na usikune. Bahari uiache kwa wiki nne, na hili nalisema kwa vijana wanaoishi na maji mlangoni. Mwaka 2017 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilieleza habari ya mwanamume wa miaka 31, mwenye ugonjwa wa ini, aliyeogelea katika Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa, akaambukizwa bakteria wa maji ya chumvi ya vuguvugu na kufariki. Mvuvi achorwe wakati ambao chombo kimepandishwa pwani kwa matengenezo, au asichorwe. Homa, usaha, au wekundu unaotambaa nje ya mchoro ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki sita zikipita, toka nje saa nne asubuhi, nyosha mkono juani, utazame. Pale mstari uliporuka au wino ulipotoka na gamba, weka alama kwenye ile karatasi yako ya kwanza na umrudie mchoraji ajazie. Wengi hujazia bila malipo, ili mradi hawakuoni alama za kucha.